Cusco na watoto: uongo tuliouamini kabla ya kupanda ndege

Shemeji yangu kaanzisha grupu la watsapu la safari ya Peru mwezi wa sita, watu tisa, wengine tuko Maryland, wengine Texas, na mama mkwe anakuja kutoka Tanga, na ndani ya siku mbili tu grupu limejaa ushauri, kila mtu daktari. Sisi tulienda mwaka juzi, mimi na mume wangu na wanetu wawili, wakati huo mkubwa ana miaka 9 na mdogo 5, na nusu ya haya yanayoandikwa humo ndo yaleyale tuliyoyaamini sisi yakatutokea puani. Nimeona niyaandike hapa yote, maana voisi za dakika nane mimi sina nguvu nazo.

"Sisi watu wa Nairobi na Njombe, milima tumeshaizoea"

Hamjaizoea. Nairobi ni kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000. Ugonjwa wa mwinuko, ambao kule milima ya Andes wanauita soroche, kwa watu wengi unaanzia mita 2,500 kwenda juu, na Cusco, mji wa Peru mtakaotua, iko mita 3,400. Halafu huko kuzoea kwenyewe mwili unakusahau haraka, ukishakaa Dallas mwaka mzima Nairobi imeshakutoka kwenye damu zamani.

Kuna binamu kaandika "mbona mimi nilipanda Kilimanjaro". Sawa kaka, ila ulipandaje? Njia ya Marangu unalala Mandara mita 2,700, kesho yake Horombo 3,700, kwa miguu, na mapota wanakuimbia pole pole njia nzima. Cusco hamna pole pole. Unapanda ndege Lima, mji mkuu wao, pale baharini kabisa, saa moja na kitu umeshushwa zaidi ya nusu ya Kilimanjaro na juisi bado iko mkononi. Na wale wa jimu msijidanganye pia, mazoezi hayazuii soroche, tena wenye nguvu ndo wanaoumbuka kwa sababu wakitua tu wanaanza kukimbilia ngazi.

"Kule juu oksijeni imeisha"

Oksijeni ni ileile asilimia 21 kama ya Tanga, kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Nilielewa hili hotelini nilipofungua begi la watoto: pakiti za krispi zimevimba kama maputo, na losheni imejitapika kwenye soksi zote. Hewa ya Cusco inagandamiza kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaingia na oksijeni pungufu, mwili unajibu kwa kupumua haraka, moyo kwenda mbio, na kukojoa kojoa. Hayo peke yake sio ugonjwa, ni mwili unajipanga. Na kwa mgandamizo huohuo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 88 au 89 badala ya 100, anayetaka kuchemsha maharage Cusco bila preshakuka atakula kesho kutwa.

"Machu Picchu ndo juu kabisa, kwa hiyo tukae kwanza Cusco tuzoee"

Hapa naomba msome taratibu, maana hii moja ndo ilituharibia safari na ndo naiona kwenye ratiba ya shemeji.

Wakala tuliyemtumia, simtaji, alitupangia siku mbili Cusco "mzoee" halafu Machu Picchu, yale magofu ya kale ya Wainka. Tukatua saa nne asubuhi, mizigo hotelini, tukatoka moja kwa moja Plaza de Armas, uwanja wa katikati ya mji, watoto wanakimbiza njiwa, mchana tukapanda vile vichochoro vya ngazi vya San Blas kwa mbwembwe zote, picha kama mia mbili. Hamna aliyelalamika. Huo ndo mtego wenyewe, soroche haikupigi ukitua, inakuja masaa sita mpaka kumi na mbili baadaye. Saa mbili usiku mdogo akasukuma sahani ya wali na kuku, chakula ambacho hajawahi kukikataa tangu azaliwe, akasema mama kichwa. Saa tano akatapika kitandani. Mimi kichwa kimenibana kama nimefungwa kamba, na mume wangu usingizini anapumua haraka haraka halafu kimyaaa, nahesabu mpaka kumi, ndo anashtuka anavuta pumzi kwa nguvu. Nilimwamsha mara nne nikijua naachwa mjane Peru. Kumbe kupumua hivyo usiku huko juu ni kawaida, ila nani alituambia?

Sasa ukweli ni kwamba Machu Picchu iko mita 2,430, yaani karibu mita 1,000 CHINI ya Cusco. Tulienda kulala juu ili tuzoee kushuka! Ratiba ya akili ni hii: mkitua Cusco msilale hapo, chukueni gari kutoka uwanja wa ndege mshuke Bonde Takatifu, ama Urubamba ama Ollantaytambo, zote ziko chini kidogo ya 2,900, ni mwendo wa kama masaa mawili. Laleni usiku mbili. Hapo Ollantaytambo ndo kuna treni ya kwenda Aguas Calientes, mita 2,040, mji ulio chini ya Machu Picchu. Mkishamaliza huko ndo mnarudi Cusco mwishoni, mwili umeshaanza kuelewa. Njiani kuelekea bondeni mkipitia Chinchero mtaona mmepanda zaidi, inafika 3,700, msiogope, kupita sio kulala, kinachohesabiwa hasa ni unapolala. Kawaida inayofuatwa ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kila usiku usilale juu ya jana yake kwa zaidi ya mita 500.

Kwa hiyo ziwa Titicaca kule Puno, mita 3,800, liwe baada ya Cusco na sio kabla. Na ule mlima wa rangi rangi, Vinicunca, unavuka 5,000, yule aliyeuweka siku ya pili na watoto naomba aufute mwenyewe kabla sijamtaja jina. Aliyepata tiketi rahisi ya kupitia La Paz, Bolivia, uwanja wao uko El Alto, zaidi ya mita 4,000, urahisi wa hiyo tiketi mtaulipia kwa kichwa.

"Chai ya koka inamaliza kila kitu"

Mtaikuta hotelini, birika la maji ya moto na kikapu cha majani, bure, na Peru ni halali kabisa, wenyewe wametumia majani hayo miaka mingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Mimi nilikunywa, ladha kama majani makavu ya porini, inapasha tumbo. Lakini ushahidi kwamba inazuia soroche ni mdogo sana, haikai mahali pa kupumzika na kupanda taratibu.

Tatizo liko kwa shemeji dereva wa lori. Jani la koka ndo linalotoa kokeini, na kikombe kimoja tu cha chai kinatosha kuonekana kwenye mkojo. Ukirudi kazini ukaitwa kipimo cha kushtukiza, kwa madereva wa Marekani maelezo ya "nilikunywa chai likizo" hayakubaliki, leseni na mkate wa watoto vinaenda hivihivi. Manesi na ninyi wote mnaopimwa kazini, hivyohivyo. Na pipi za koka wanazouza kule msizisahau kwenye mikoba, majani na chai yake kuingia navyo Marekani ni marufuku. Ulizeni chai ya muña, mmea wao unaonukia kama nanaa, hata watoto wanakunywa.

"Daiamoksi inaficha ugonjwa"

Haifichi. Hii ni dawa ya kuzuia soroche, inasukuma mwili upumue zaidi, kwa hiyo unazoea haraka, ukijisikia nafuu ni nafuu ya kweli. Inaanzwa siku moja kabla ya kupanda, kwa cheti cha daktari, na ya watoto inapimwa kwa kilo. Vidole vitawatekenya, mtakojoa sana, na soda itakuwa na ladha kama imelala wazi usiku kucha. Ila mwenye aleji ya salfa, yaani wale mnaokumbuka mlivyovimba kwa septrini au fansida, mwambieni daktari kwanza. Na vile vidonge vya soroche vya famasi za Peru vingi vina aspirini na kafeini, mtoto asipewe.

"Watoto hawaumwi, ni wazee tu"

Watoto wanaumwa kama sisi, tofauti ni kwamba hawawezi kujieleza. Mtoto mdogo atakataa kula, ataacha kucheza, atalia bila sababu, na wewe utasema safari imemchosha. Huko juu chukulia ni mwinuko mpaka ithibitike vingine, mpumzishe, panadol, maji kwa kiu yake (sio kumlazimisha malita, maji mengi kupita kiasi hayatibu kitu), na asipande tena mpaka apone. Mtu akihema akiwa amekaa tu, akikohoa na midomo kuwa ya bluu, au akiyumba kama mlevi na kuongea visivyoeleweka, hapo hamna kusubiri asubuhi, ni oksijeni na kushuka usiku huohuo.

Mama mkwe, umri peke yake sio kesi. Presha inaweza kupanda siku za mwanzo, kwa hiyo dawa usiache hata siku moja, na umuone daktari kabla.

"Mwenye sikoseli ya upande mmoja tu, isiyo ugonjwa, hana cha kuogopa"

Hili hakuna aliyelisema kwenye grupu, na ndo linalonitisha, maana sisi watu wa pwani na wa kandokando ya ziwa Victoria tunaibeba wengi bila kujua. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu hapaswi kwenda huko bila daktari wake kuruhusu, kupungukiwa oksijeni ndo kunakozikunja hizo seli. Aliyerithi upande mmoja, AS, wengi wanaenda na kurudi salama, ila wapo ambao bandama linaharibika wakifika juu. Maumivu makali ubavu wa kushoto juu, chini ya mbavu, na unajijua AS, usiite gesi. Pimeni kabla, ni kipimo cha damu tu.

"Amerika Kusini ni joto"

Mwezi wa sita ni kipupwe kule, usiku Cusco unakaribia nyuzi sifuri na hoteli nyingi hazina hita ya maana. Mchana jua linachoma kweli, miale inazidi kwa kama asilimia 10 kila mita 1,000, na ngozi nyeusi inababuka pia, pua ya mume wangu ni shahidi.

Pasipoti halisi mbebe, Machu Picchu wanaitazama mlangoni pamoja na tiketi yenye jina na saa. Ndani hamna choo. Vigari vya watoto haviruhusiwi, kwa hiyo mtoto wa wifi atabebwa mgongoni, na kina mama wa Cusco nao wanabeba hivyohivyo kwa kitambaa cha rangi, walimwona wifi yangu mwingine aliyewahi kwenda, na mbeleko yake, wakacheka wakampigia makofi. Mama, njoo na kanga mbili nzito. Chupa ya chai beba, ila kwa maji yale yanayochemka kabla ya wakati usitegemee chai ya rangi ikolee kama ya Tanga, weka majani mara mbili.