Usidanganywe na paa la nyasi: umri wa nyumba kongwe ya Kiingereza unausoma darini

Picha ya kijiji cha Uingereza kwenye kalenda au kwenye kopo la biskuti karibu kila mara ni ileile, kijumba cheupe, paa nene la nyasi limeshuka mpaka linataka kufunika madirisha, maua yamejaa mlangoni. Watu wakiiona wanasema hii ya zamani sana hii, ya enzi za mababu. Sisi tunaoshughulika na majengo ya kale tunaanza na swali lingine: nani aliijenga, na kwa pesa ya nani? Mana hapo ndo utamu ulipo.

Chukua Milton Abbas, kule Dorset, kusini mwa Uingereza. Unakuta barabara moja inashuka bondeni, kulia na kushoto nyumba 36 nyeupe zimeezekwa nyasi, zimefanana kama mapacha na zimeachiana nafasi sawa. Sasa jiulize, kijiji gani kilichokua chenyewe taratibu, huyu kajenga leo, yule kaja kujenga baada ya miaka hamsini, halafu kikatoka kimenyooka hivyo? Hakuna. Huko nyuma hapo jirani palikuwa na mji mdogo wa soko, na pembeni yake jumba la bwana mkubwa mmoja, Joseph Damer, aliyeitwa Lord Milton, na huo mji ukawa unamharibia mandhari ya kwake. Kuanzia miaka ya 1770 akauvunja kidogokidogo. Akawatumia Capability Brown, yule bingwa wa kupanga bustani za matajiri, na msanifu William Chambers, kijiji kipya kikajengwa bondeni ambako ukiwa jumbani hukioni. Nyumba moja familia mbili. Kwa hiyo kile watalii wanachopiga picha leo wakisema "kijiji tulivu" kilizaliwa na bomoabomoa, na hilo neno msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa.

Halafu kuna kinyume chake. Karibu na Bristol kuna Blaise Hamlet, nyumba tisa tu zimezunguka uwanja wa majani, hakuna iliyofanana na mwenzake, nyingine nyasi nyingine mawe, hii imeinama huku ile kule, unaweza kuapa zimekuwepo miaka mia tano. Wapi! Zilichorwa na John Nash, huyohuyo aliyekuja kuipanua Buckingham Palace, zikajengwa kama mwaka 1811 kwa ajili ya wastaafu wa shamba la tajiri wa benki, John Harford. Ule mparaganyo wote ulipangwa kwenye karatasi. Matajiri wa wakati ule walikuwa wameanza kuona nyumba ya maskini ni nzuri kutazama, basi wakajenga za kutazama.

Kwa hiyo sura ya nje haikuambii umri. Panda darini.

Devon na kaunti za jirani kuna nyumba ambazo ukiingia darini na tochi unakuta kombamoyo, yaani miti inayobeba paa, zina masizi meusi tii, na nyasi za chini kabisa nazo ni nyeusi. Huo ni moshi wa jiko. Nyumba ya Kiingereza ya kabla ya karne ya 16 kwa kawaida haikuwa na ghorofa wala dohani, yaani bomba la kutolea moshi, ilikuwa chumba kimoja kikubwa kilicho wazi mpaka kwenye paa, moto unawaka katikati ya sakafu, moshi unapanda na kujitafutia njia kwenye nyasi. Mtu aliyekulia jiko la mafiga chini ya paa la nyasi anaielewa hii bila mchoro. Baadaye, zaidi kati ya miaka ya 1550 na 1650, wakulima wenye uwezo wakaanza kujenga dohani za mawe au matofali, moshi ukawa na mlango wake, basi wakapata nafasi ya kuweka sakafu ya juu na vyumba vya kulala. Dari ikabaki giza na masizi yake. Ukiyakuta, ujue uko kwenye nyumba iliyoanza maisha kabla ya dohani.

Na mbona hizo nyasi hazikuoza? Kwa sababu fundi wa kuezeka haondoi paa lote. Anakwangua tabaka la juu lililoliwa na mvua, anaweka jipya juu yake, na la chini halijawahi kuona maji. Wataalamu wa mimea ya kale wamechambua hayo mabua meusi wakakuta masuke ya ngano na ya rai, nafaka jamaa ya ngano, na magugu ya shambani yaleyale ya karne ya 15. Ghala la kilimo, limekaa juu ya vichwa vya watu wamelala.

Niseme na hili maana linakosewa sana: hizo nyumba zilizobaki za karne ya 15 si za maskini wa kutupwa. Za maskini zilianguka zamani. Tunachokiona ni cha mkulima aliyejiweza.

Kuta sasa. Devon na Dorset wengi walijenga kwa udongo mtupu, hauna fito ndani kama nyumba zetu za kukandika. Udongo unachanganywa na maji na mabua, watu au ng'ombe wanaukanyaga, unapandishwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka linaachwa likauke, ukuta unafika hata sentimita 60 unene. Watu wa kule wana msemo kwamba ukuta wa udongo unataka kofia nzuri na viatu vizuri, yaani paa linalochomoza mbali na msingi wa mawe. Kilichoziua nyingi ni simenti. Karne ya 20 watu walipiga plasta ya simenti wakidhani wanaimarisha, kumbe unyevu ukaingia kwenye nyufa ukakosa pa kutokea, ukuta ukalainika kwa ndani, siku moja ukaporomoka. Chokaa inapumua, simenti haipumui. Mafundi wa Mji Mkongwe Zanzibar wanaujua ugonjwa huuhuu kwenye kuta zao za mawe.

Moto ndo adui mwingine. London ilipiga marufuku paa la nyasi tangu 1212 baada ya moto mkubwa, na ukumbi wa Globe aliokuwa akiutumia Shakespeare, uliokuwa ng'ambo ya mto nje ya mamlaka ya jiji, uliungua 1613 mzinga ulipofyatuliwa wakati wa mchezo ukawasha paa. Globe mpya iliyofunguliwa 1997 ina paa la nyasi, la kwanza kuruhusiwa London tangu ule moto wa 1666 ulioteketeza jiji, na juu wamepitisha mabomba ya maji kabisa.

Vijijini nyasi zilikaribia kufa kwa sababu nyingine. Karne ya 19 reli ilileta vigae vya mawe kutoka Wales kwa bei nafuu, paa la nyasi likawa aibu, kama mtu asiye na bati. Leo mambo yamegeuka, anayeishi humo mara nyingi ni mwenye pesa, na nyumba nyingi zipo kwenye orodha ya serikali ya majengo ya kuhifadhiwa, hubadilishi paa bila kibali. Shida iliyobaki ni mabua yenyewe. Ngano ya kisasa ni fupi na mashine ya kuvunia inayasagasaga, kwa hiyo kuna wakulima wanaopanda mbegu ndefu za zamani kama Maris Widgeon, wanakata kwa mashine kuukuu inayofunga miganda, wanamuuzia fundi, na fundi anakwenda kuilaza juu ya yale masizi.