Maana ya machipuko: majira yanayokuja, yakarudi, yakaja tena

Ndugu yako aliyeko Ulaya akikupigia simu mwezi Machi akakuambia huko machipuko yameingia, usishangae wiki inayofuata akikutumia picha ya baiskeli yake imefukiwa na theluji mpaka kwenye kiti. Hakukudanganya. Siku aliyopiga simu, machipuko yalikuwepo kweli.

Kwa maana ya kamusi, machipuko ni kipindi cha mwaka kilicho kati ya majira ya baridi na majira ya joto, katika nchi zilizo mbali na ikweta. Wapo wanaosema majira ya kuchipua, wapo wanaosema machipuo. Kuna wanaotafsiri kwa neno masika, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Masika tunayajua: ni mvua ndefu za Machi hadi Mei. Miezi inalingana, na majani yanaota huku na huko, kwa hiyo aliyetafsiri hivyo ana sababu zake. Ila masika yana mvua, na mvua ukiulizwa kama imenyesha unajua la kujibu. Machipuko hayana kitu kimoja namna hiyo. Yana joto kidogo, mwanga mwingi, tope, maua mawili matatu, na baridi ambayo imeaga lakini bado imekaa mlangoni.

Nitaeleza kwa mfano wa Uswidi, hasa mji wa Uppsala, ulio mwendo wa chini ya saa moja kwa treni kutoka Stockholm. Ndiko ninakoishi, na pia Waswidi wamejaribu kulimaliza suala hili kwa hesabu.

Ukiuliza machipuko yanaanza lini, utapata majibu matatu. Wanaotazama jua watasema tarehe 20 Machi au karibu na hapo, siku ambayo mchana na usiku hulingana duniani kote. Wanaotunza takwimu za hali ya hewa katika nchi nyingi husema tarehe 1 Machi, kwa sababu miezi mitatu mitatu ni rahisi kujumlisha. Majibu hayo mawili yana kasoro ile ile: hayajali nje kukoje.

Jibu la tatu ni la idara ya hali ya hewa ya Uswidi, inayojulikana kwa herufi SMHI. Wao wanasema machipuko, kwa Kiswidi vår, yameingia mahali fulani pale wastani wa joto wa siku nzima, mchana na usiku kwa pamoja, unapokuwa juu ya sifuri kwa siku saba mfululizo. Siku ya kwanza kati ya hizo saba ndiyo inayoandikwa kuwa siku ya kuingia. Sharti jingine ni kwamba hesabu haianzi kabla ya tarehe 15 Februari, la sivyo wiki moja ya joto mwezi Januari ingevuruga kila kitu.

Sasa tazama hesabu hiyo inavyofanya kazi. Jumatatu wastani ni nyuzi 2. Jumanne 3. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa mambo ni mazuri, watu wanatembea koti likiwa wazi. Jumamosi nyuzi 1, tumefika sita. Jumapili usiku anga linatakata, baridi inashuka, wastani unaangukia nusu nyuzi chini ya sifuri. Basi, yote yamefutika. Ni kama mtoto anayeruka kamba: amekosea ya saba, anaanza moja.

Kanuni hii ina tokeo moja ninalolipenda sana. Siku ya kuingia machipuko haiwezi kujulikana siku ile ile. Unaipita ukiwa umejikunyata kituo cha basi, halafu baada ya wiki unaambiwa: ile Jumatatu ndiyo yenyewe. Na ikishaandikwa haifutwi tena, hata theluji ikirudi ikafika magotini. Theluji ya namna hiyo Waswidi huiita bakslag, pigo la kurudi nyuma. Kwa hesabu, ile ni theluji iliyoanguka ndani ya machipuko.

Kusini kabisa mwa nchi, kwa kawaida machipuko huingia Februari. Uppsala na Stockholm ni Machi. Kiruna, kaskazini ya mbali, husubiri mpaka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kuna miaka kusini hawapati hata majira ya baridi kwa hesabu hiyo ya SMHI. Mwaka 2019 kuelekea 2020 ilikuwa hivyo sehemu kubwa za kusini, vuli ya huko, yaani majira yanayotangulia baridi, ikapokewa moja kwa moja na machipuko.

Hiyo sifuri inayotegemewa na hesabu yote ina asili yake hapa hapa Uppsala. Anders Celsius, mwanasayansi mzaliwa wa mji huu, alipendekeza kipimo chake cha joto mwaka 1742, ila yeye alikiweka kichwa chini miguu juu: sifuri ilikuwa maji yanapochemka, mia yanapoganda. Kikageuzwa baadaye. Vipimo vya joto vya Uppsala vilianza kuandikwa mwaka 1722, ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kuliko zote duniani, kwa hiyo watu wa hapa wana zaidi ya miaka mia tatu ya ushahidi kwamba Aprili haiaminiki.

Kwa nini haiaminiki? Mtu wa pwani angetegemea jua likishapata nguvu, baridi iondoke. Na jua linapata nguvu kwelikweli. Siku fupi kabisa ya Desemba, mchana wa Uppsala haufiki urefu wa saa sita. Machi mchana unaongezeka zaidi ya dakika tano kila siku, yaani kwa wiki moja tu umeongezwa zaidi ya nusu saa. Dar es Salaam tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka mzima haifiki saa moja. Mwanga unakuja kwa kasi ya kumfanya mtu aamke saa kumi na moja alfajiri akidhani amechelewa kazini.

Lakini mwanga si joto. Sehemu kubwa ya mwanga unaoangukia theluji mpya hurudishwa juu. Unaobaki una kazi ya kuyeyusha barafu, na barafu ni mlaji mkubwa wa joto: kuyeyusha kilo moja ya barafu, bila hata kuipasha, kunakula joto ambalo lingetosha kuyatoa maji yale yale kutoka nyuzi 0 hadi 80. Karibu uyachemshe chai. Zaidi ya hapo ardhi imeganda chini, na Bahari ya Baltiki mwezi Aprili bado ina maji ya baridi kali, upepo ukitoka huko unaishusha hewa ya pwani mchana kweupe. Kaskazini hewa ya aktiki haijaenda popote. Upepo ukigeuka, inateremka yote.

Na hapa methali zetu zinapata shida kidogo. Dalili ya mvua ni mawingu, tunasema. Huku mwezi Aprili anga jeupe lisilo na wingu ndilo la kuogopwa, maana usiku joto lote la mchana linapanda na kupotea. Mawingu ni blanketi. Asubuhi yake unakuta jalidi, ule unga mweupe wa umande ulioganda juu ya majani, na kioo cha gari unakikwangua kwa kadi ya basi kwa sababu kile kikwangulio ulishakirudisha stoo kwa matumaini.

Niliyaeleza haya yote kwa mjomba wangu aliyekuwa nahodha huko Tanga. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa mbona unazunguka, mwanangu? Hiyo ni tangambili."

Nikanyamaza. Alikuwa na haki. Watu wa pwani hawakuhesabu mwaka kwa theluji, walihesabu kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi, nayo ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili au Mei na kuyarudisha. Katikati ya pepo hizo mbili kuna kipindi ambacho hakuna mwenye zamu: leo upepo unatoka huku, kesho kule, keshokutwa bahari imelala kama mafuta. Ndiyo tangambili, wengine huita maleleji. Kaskazi haijaisha na kusi haijaanza, na nahodha hatweki tanga kwa upepo wa asubuhi moja.

Ukiwa na neno hilo, machipuko yanaeleweka upesi kuliko kwa neno masika. Masika ni majira yenye mwenyewe. Machipuko ni makabidhiano, na anayekabidhi hataki kuachia funguo. Na kama unataka mfano wa shambani badala ya baharini, mkulima wa mahindi anaujua: zile mvua za kwanza zinazonyesha siku tatu, watu wakapanda, halafu jua likawaka wiki mbili mbegu zikafia ardhini. Mvua zilikuwa za kweli. Msimu ndio haukuwa umeanza.

Wasami, wenyeji wa kaskazini, hawakuhangaika kuuweka mpaka. Wanahesabu majira manane, na moja kati ya hayo liko kati ya baridi na machipuko. Kwa Kiswidi huitwa vårvinter, tuseme baridi-machipuko: jua kali, theluji bado, usiku inaganda ngumu hadi inabeba mtu, mchana inalegea. Mimi naona hao ndio waliosema kweli.

Mjini dalili za machipuko ni za kawaida mno, hutaziona kwenye kadi za posta. Ya kwanza ni sauti ya matone kutoka mapaani. Ya pili ni utepe wa kuzuia njia na mabango ya kuonya kwamba barafu inaanguka, huku mafundi wakiwa juu na masepetu. Ya tatu ni changarawe. Majira yote ya baridi humwagwa barabarani ili watu wasiteleze. Theluji ikiyeyuka inabaki yenyewe, kavu, na mji unakuwa na vumbi kama stendi ya kijijini mwezi wa tisa. Siku gari la manispaa linapopita kuifagia, watu hutazamana na kutabasamu. Halafu wanatoka nje, wanasimama wameegemea ukuta unaoelekea kusini, wamefumba macho, nyuso juani, kimya. Mara ya kwanza nilidhani wanasali.

Hata sheria ya barabarani inajua hali ilivyo. Matairi yenye misumari ya kukamata barafu yanaruhusiwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 15 Aprili, na baada ya hapo ni marufuku, isipokuwa kama barabara zina hali ya baridi au inatarajiwa. Hilo "isipokuwa" ndilo machipuko yenyewe yameandikwa kisheria.

Mimea haisomi tarehe. Mingi ya huku kwanza inahitaji kupigwa na baridi ya kutosha, ndipo ianze kuitikia joto. Ndiyo maana wiki moja ya joto Novemba haiidanganyi. Kijiua kidogo cha buluu kiitwacho blåsippa huwa kimeshatengeneza matumba yake tangu mwaka uliopita, kikingoja chini ya majani makavu. Tussilago, ya njano, hutoa ua kabla ya jani kandokando ya mitaro, kama msufi unaochanua ukiwa uchi. Carl von Linné, aliyekuwa profesa hapa Uppsala, miaka ya 1750 alitaka watu wa sehemu mbalimbali za nchi waandike siku miti inapotoa majani, ili wakulima wajue wakati wa kupanda shayiri kwa kutazama mti badala ya kalenda. Kazi hiyo haijafa: tangu 2015, kila tarehe 30 Aprili na 1 Mei, watu wa kujitolea nchi nzima hutoka kuangalia mimea sita ile ile imefikia wapi, kisha hupeleka majibu.

Tarehe 30 Aprili ni Valborg, sikukuu ya kuyakaribisha machipuko. Mioto mikubwa huwashwa jioni, kwaya zinaimba kwamba baridi imekwisha, na hapa Uppsala wanafunzi hushuka Mto Fyris kwa vyelezo vya kupanda walivyojitengenezea, desturi iliyoanza mwaka 1975. Nimewahi kusimama pale nimevaa kofia ya sufu na glavu, nikisikiliza wimbo wa majani mabichi huku mti ulio mbele yangu hauna jani hata moja.

Baada ya hapo majira ya joto yana hesabu yake: siku tano mfululizo zenye wastani wa nyuzi 10 au zaidi. Lakini hata yakiingia, wakulima wa bustani bado wana neno järnnätter, usiku wa chuma, yaani zile siku za jalidi zinazoweza kurudi hata mwanzoni mwa Juni. Jirani yangu, bibi wa miaka zaidi ya themanini, ana miche ya nyanya kwenye ndoo nane. Mwezi Mei wote anaitoa asubuhi na kuirudisha ndani jioni, ndoo moja moja. Mwaka jana nilimsaidia kubeba. Nilipomuuliza ataiacha nje lini, alitazama juu, hakukuwa na wingu, akaniambia nishike ile kubwa kwanza.