Baharia aliyeumia: wiki 16 si mwisho wa haki yako

Baharia anarudi Mombasa mgongo umeharibika, anaambiwa wiki 16 zimekwisha hivyo hana tena cha kudai, naye anaamini. Malalamiko ya aina hii yanazidi kutufikia, mengi yakiwa yamechelewa.

Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, unamtaka mwenye meli agharimie matibabu na mshahara wa aliyeumia au kuugua kazini. Sheria ya nchi ya bendera, yaani ilikosajiliwa meli, inaweza kuwekea gharama hizo kikomo kisichopungua wiki 16. Fidia ya ulemavu wa kudumu ni deni jingine kabisa. Kiwango chake kitafute kwenye mkataba wako wa ajira, makubaliano ya chama cha mabaharia au sheria husika.

Tangu Januari 18, 2017, dai la fidia hiyo lazima liwe na dhamana ya fedha, kwa kawaida bima, na cheti chake kibandikwe melini mahali pa wazi. Kipige picha siku unayopanda. Humo mna jina na anwani ya mtoa dhamana. Wewe, ndugu yako wa karibu au mwakilishi wako mnaweza kudai moja kwa moja. Kushinda mlangoni kwa wakala aliyekutafutia kazi si kuwasilisha dai; andika barua.

Ajali iripotiwe kwa nahodha na kuandikwa kwenye daftari la meli siku hiyo hiyo. Chukua nakala, pamoja na ripoti ya kila daktari, kuanzia wa bandari ya kwanza. "Nitaripoti nikifika nyumbani" imewaponza wengi. Aliyeficha ugonjwa kwa makusudi wakati wa kuajiriwa anaweza kukosa matibabu na mshahara. Vivyo hivyo aliyejiumiza kwa utovu wa nidhamu wa makusudi.

Ni marufuku kukushinikiza upokee pungufu ya kiwango cha mkataba wako wa ajira. Tathmini ya ulemavu ikichelewa, unastahili malipo ya muda ili usitaabike. Kupokea fidia hiyo hakukuzuii kumdai mwenye meli kwa uzembe wake, ingawa ulicholipwa kinaweza kukatwa humo.

Mpishi na msafisha vyumba kwenye meli ya watalii ni mabaharia pia, tafadhali. Majahazi na meli za uvuvi haziguswi na Mkataba huo wa 2006.

Ukiletewa karatasi ya kufunga dai, ilete kwetu pamoja na mkataba wako kabla hujatia saini.