North Coast 500 peke yako na mvua yake: watu wanatishana vitu visivyo

Kuna hii njia ya North Coast 500 kule Uskoti, inaanzia Inverness, inazunguka pwani yote ya kaskazini halafu inakurudisha palepale Inverness, karibu kilomita 830, na tangu ianze kutangazwa kwa hilo jina mwaka 2015 kila mtu ana stori yake. Nyingi ni za kutishana bure, na vitu vya kuogopa kweli wala hawavitaji.

"Huko ni mvua asubuhi mpaka usiku." Hapana bana. Mawingu yanatoka baharini upande wa magharibi, yanapanda milima, yanamwaga maji hukohuko, ndo maana milima ya magharibi kuna sehemu zinapata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka wakati pwani ya mashariki kuna sehemu hazifiki hata 800. Yaani unaweza kuwa Applecross huko magharibi waipa zinakimbia mpaka zinalia, na mtu aliyeko Dornoch upande wa mashariki kavaa miwani ya jua. Na hata huko magharibi inakuja inaondoka, ukisema usubiri ikatike kabisa ndo uwashe gari utakaa hotelini mpaka hela iishe.

"Basi nenda Julai au Agosti." Mmh. Huo ndo msimu wa visubi, vidudu vidogo vinakuja wingu zima hasa jioni ikiwa hakuna upepo, na barabara zimejaa. Kwa kawaida Aprili mpaka Juni ndo kukavu zaidi huko magharibi, na mwezi Juni pwani ya juu kabisa unapata mwanga karibu masaa 18. Desemba ni kama masaa 6 tu, sasa piga hesabu mwenyewe.

"Lazima gari la foo-wili." Lami ipo njia nzima, kigari kidogo kinatosha na mimi nasema ndo bora, kwa sababu shida ya kule ni upana. Sehemu kubwa ya magharibi na kaskazini ni leni moja tu inayotumiwa na magari ya pande zote mbili, na kila baada ya kipande kuna sehemu ya kupishana yenye kibao chake. Hapa ndo wageni wanachemsha. Sehemu ya kupishana ikiwa kushoto kwako unaingia, ikiwa kulia huingii, unasimama hapohapo ulipo usawa nayo, mwenzako anaingia yeye. Na siyo ya magari yanayokuja tu, ukiona nyuma yako kuna mtu ana haraka, pengine ni mwenyeji anawahi kazini, kaa pembeni apite. Halafu siyo parking! Wewe umesimama unapiga picha ya ziwa, wenzako wanapiga rivasi kwenye kona kwa ajili yako. Ukipishwa punga mkono, wote wanafanya hivyo.

Kwa hiyo wanaosema kilomita 830 unamaliza siku mbili wanahesabu kama hailwei. Uko peke yako, hakuna wa kupokea usukani, na macho yanachoka haraka sana ukiangalia barabara nyembamba iliyolowa. Wiki nzima ndo inakaa sawa. Pale Bealach na Bà, barabara ya mlimani ya kwenda Applecross, unapanda kutoka usawa wa bahari mpaka mita 626 kwa kona za kukunjana, ukungu ukishuka huoni kitu, na kibao cha chini kinawashauri wasipite wanaojifunza kuendesha, wenye magari makubwa sana na wanaovuta karavani, yaani vile vijumba vya kukokotwa na gari. Kuna njia nyingine inapita Shieldaig, ifuate tu, hakuna atakayekuuliza.

"Uskoti unalala popote bure." Hii wanaichanganya. Sheria ya mwaka 2003 inawapa haki wanaotembea kwa miguu au baiskeli na hema lao, haki hiyo haihusu gari. Kuegesha kempavani, yaani gari la kulala, kwenye nyasi za mtu siyo haki yako.

Na kijiji cha John o'Groats siyo ncha ya kaskazini ya Uingereza bara, ncha ni Dunnet Head. Watu wanapiga picha kwenye kibao wanageuza gari, basi.

Sasa kubwa kuliko zote, "peke yako utaibiwa." Kinachokusubiri huko ni kulungu anayekatiza barabara jioni, uchovu, na simu isiyoshika netiweki bonde baada ya bonde. Jaza mafuta kila ukiona sheli hata kama tanki lina nusu. Bia moja ya kujipasha moto pia iache, kiwango cha pombe kwa dereva Uskoti kilishushwa Desemba 2014 mpaka miligramu 50 kwenye mililita 100 za damu, England ni 80. Na kabla hujatoka Inverness, kama una laini ya Uingereza, tuma neno register kwenda 999, namba yao ya dharura, ufuate maelekezo, ili ukikwama sehemu ambayo kupiga simu inagoma, meseji ya kuomba msaada iweze kupenya.