Sauti Moja Masikioni, Mtaa Mzima Nyuma Yake

Zamani nilikuwa nawaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wavue hedifoni wanapoingia darasani. Siku hizi nawauliza kwanza wanasikiliza nini. Aghalabu ni podikasti: mtu anasimulia ndoa iliyomshinda, biashara iliyokufa, au miaka aliyofanya kazi za ndani Oman. Nafundisha sosholojia, na kwangu masimulizi hayo ni mali. Kinachotakiwa ni kujua kuyasikiliza.

Mwaka 1959 mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, alitenganisha shida ya mtu binafsi na suala la umma. Katika mji wa watu 100,000, alieleza, mmoja akikosa kazi tunamtazama yeye, tabia yake na ujuzi wake. Katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, hapo ni muundo wenyewe wa fursa uliovunjika. Podikasti nyingi hukupa yule mmoja tu. Kuwatafuta wenzake ni kazi yako msikilizaji.

Muhula uliopita tulisikiliza pamoja kipindi kimoja kuhusu mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa. Mama lishe anaeleza alivyokopa laki mbili kulipia chuo cha mwanawe, marejesho kila siku. Alipokwama, wakaja watu wakabeba friji, kisha godoro. Alipofika kwenye godoro akanyamaza. Mtangazaji hakuujaza ukimya ule. Zikasikika honi za bodaboda na mfuniko wa sufuria ukigonga.

"Hana nidhamu ya fedha," kijana mmoja akasema. Nikasimamisha kipindi. Kwa nini hakwenda benki? Ana dhamana gani? Kwa nini anadaiwa kila jua likichwa, wakati ada inadaiwa kwa muhula? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018. Mbona aliyebeba godoro hakuiogopa? Majibu yalikuwa yanakuja kwa kusuasua mpaka binti aliyekaa nyuma aliposema taratibu, "Mama yangu anao mkopo huo." Darasa likabadilika. Hatukuwa tena tunamhukumu mama wa kwenye simu.

Lakini sauti, hata ikikuliza, si utafiti. Mtu mmoja hawezi kuwa sampuli ya mtaa. Anayefika kwenye maikrofoni ni yule mwenye ujasiri, au aliyejuana na mtayarishaji, na maneno yake yamekatwa na kupangwa kabla hujayasikia. Katika kipindi kile mkopeshaji hakusikika, wala wadhamini, ambao mara nyingi ndio hubaki na uhasama wa majirani. Andika kwenye daftari nani hakusema, kisha katafute takwimu: Sensa ya 2022 na tafiti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zitakueleza mengi ambayo simulizi haiwezi. Na ukitaka kurekodi wewe, omba ruhusa mara mbili, kabla ya mazungumzo na baada ya mhusika kujisikiliza. Hili silegezi kamba hata kidogo.

Kusikiliza pamoja nako kuna historia hapa kwetu. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliogusa uzazi wa mpango na UKIMWI kupitia watu kama Mkwaju, dereva wa lori. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili watafiti wapate eneo la kulinganisha. Sehemu zilizousikia, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi, na watafiti waliona kwamba nguvu kubwa ilitokana na mazungumzo ya mume na mke na ya marafiki baada ya redio kuzimwa. Hedifoni zinatunyima hasa sehemu hiyo.

Ndiyo maana Jumamosi moja tulikipakua kile kipindi chuoni, kuokoa bando, tukakipeleka kwenye kikao cha kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, na spika ndogo. Kilipoisha hakuna aliyetaka kuongea. Mweka hazina ndiye aliyechana karatasi za daftari la hisa na kuomba kila mwenye mkopo wa nje aandike marejesho yake ya siku, bila jina, atumbukize kwenye kofia. Kisha akaanza kuzifungua moja moja, akisoma kwa sauti, na katibu akijumlisha.