Je, wajua kidonge cha vitamini hakina nguvu ndani yake?

Kwa muda mrefu nilikuwa nameza kidonge cha vitamini B kabla ya kukimbia, nikidhani najaza tangi. Nilikosea. Vitamini haina kalori. Meza chupa nzima bila kula ugali, bado utaishia njiani. Hata ule mkojo wa njano kali, nilioufurahia kama ushahidi wa dawa kufanya kazi, ulikuwa vitamini B2 ya ziada ikienda zake chooni.

Mbona basi anayepungukiwa na B1, yaani thiamini, huchoka kwelikweli?

Fikiria daladala. Wanga huwa sukari, nayo sukari hukatwakatwa ndani ya seli ikawa piruvati. Hao ndio abiria. Gari ni mitokondria, panapotengenezwa nguvu nyingi. Thiamini ni kondakta wa mlangoni: haendeshi, si mafuta, wala hashuki na abiria, lakini asipokuwepo hapandi mtu. Ukiwa umekaa kitini, stendi ni tupu na kondakta mmoja anatosha. Anza kukimbia, abiria wafurike, ndipo pengo linapoonekana. Piruvati iliyokosa nafasi hugeuka laktati, na kwa njia hiyo kila molekuli ya glukosi, yaani ile sukari, inaambulia ATP 2 (ATP ni sarafu ya nguvu ndani ya seli) badala ya takriban 30. Laktati yenyewe si sumu. Moyo huichoma vizuri tu. Kichekesho ni kwamba ili ichomwe lazima irudi kuwa piruvati na kupanga foleni mlango uleule. Mafuta ya mwilini hupandia mlango mwingine, ila mbele ya safari yanamkuta kondakta yuleyule.

Asiye na upungufu haongezewi mbio na kidonge. Kwa upungufu mdogo, tafiti za wanamichezo nyingi ni za watu wachache, kwa hiyo tusiape.

Upungufu mkubwa hauna ubishi. Mwili huweka akiba ya miligramu 30 hivi, na mtu mzima huhitaji kama 1.2 kwa siku. Mwaka 1883, kwenye meli ya kivita ya Japani, Ryujo, mabaharia 169 kati ya 376 waliugua beriberi, ugonjwa wa kukosa thiamini, na 25 wakafa. Chakula chao kikuu kilikuwa wali mweupe. Daktari Takaki Kanehiro alibadilisha mlo na ugonjwa ukatoweka, ingawa yeye aliamini kilichokosekana ni protini.

Mchele ukikobolewa, au mahindi yakifanywa sembe, thiamini nyingi huondoka na pumba. Pumba tunawapa kuku.