Peltier na hitisinki: kipi hasa kinapoza prosesa

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa mtaani hapa Sinza, Dar es Salaam, alikuja na kigae cheupe cha mraba, sentimita 4 kwa 4, chembamba tu, kina waya mbili, nyekundu na nyeusi. "Kaka, naomba unifungie hii, prosesa ya kompyuta yangu inafika digrii 95 nikicheza gemu." Kashaona video kile kigae kikigandisha tone la maji, kwa hiyo kichwani mwake hesabu imeisha, hitisinki (kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa kutoa joto) inatolewa, feni inatolewa, hii inakaa juu ya prosesa mambo yanakuwa baridi. Sikumfungia. Nilimkalisha nikamweleza, na naandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake, na mtu akikosea hapa anaunguza mashine ambayo labda kaichangia mwaka mzima.

Kile kigae kinaitwa Peltier, jina la Mfaransa Jean Charles Peltier, aliyekuwa fundi saa kabla ya kuingia kwenye fizikia. Mwaka 1834 aligundua kwamba ukipitisha umeme pale metali mbili tofauti zinapokutana, ule muungano unapoa au unapata moto kutegemea umeme unaelekea wapi. Miaka minne baadaye Lenz kule Urusi akagandisha tone la maji kwa njia hiyo hiyo, akageuza umeme, barafu ikayeyuka. Vya siku hizi ndani havina metali za kawaida, vina vipande vidogo vidogo vya semikondakta (vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu) vilivyopangwa kati ya vigae viwili, jozi 127 kwenye ile aina inayouzwa sana, yenye maandishi TEC1-12706. Hiyo 127 ndo idadi ya jozi, na 06 ya mwisho ni ampea 6.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penyewe. Peltier haiui joto. Inalihamisha tu, kama pampu inavyovuta maji ya kisimani kuyapeleka tenki la juu, maji hayajapotea, yako juu, na lile tenki lisipokuwa na pa kumwagia litafurika. Afu hii pampu yenyewe inakula umeme, na ule umeme wote nao unageuka joto upande wa pili.

Nilimwonyesha. Nikachomeka kigae kwenye betri ya volti 12, nikampa akishike kwa vidole viwili, gumba juu, cha shahada chini. Sekunde ya tatu hivi kasema "duh, huku barafu!", na hapo hapo kidole cha pili kikaanza kuungua akakiachia mezani. Nikakiacha kidogo tu kisha nikachomoa haraka, nikamwambia agusishe tena ule upande uliokuwa baridi. Wa moto. Hamna hitisinki ya kulitoa joto upande wa pili kwa hiyo limerudi lote. Yaani kitu alichotaka kukitupa ndo kitu ambacho kile kigae hakiwezi kuishi bila hicho.

Hitisinki inafanya nini basi? Umeme wote prosesa inaotumia unatoka kama joto. Prosesa ya kawaida ya mezani ni wati 65, zile kubwa kama Core i9-13900K zinaruhusiwa kufika mpaka wati 253, na joto lote hilo linatokea kwenye eneo dogo kuliko kiberiti. Hitisinki inalipokea inalitandaza kwenye mapezi mengi ili hewa ilibebe, ni kama mtu anavyomimina chai kwenye kisosi, chai ni ile ile ila sasa imetanuka inapigwa na upepo. Nzuri zaidi zina mirija ya shaba yenye maji kidogo ndani, maji yanakuwa mvuke kule chini kwenye joto, yanapanda, yanapoa, yanarudi, hamna pampu wala umeme. Kikomo chake ni kimoja, haiwezi kushuka chini ya joto la chumba. Kama hitisinki yako inapandisha digrii 0.3 kwa kila wati, wati 65 ni karibu digrii 20 juu ya chumba, na chumba cha Sinza mwezi wa pili ni digrii 32, kwa hiyo hitisinki pale chini itakuwa 52 hivi na prosesa yenyewe juu ya hapo kidogo. Hiyo ni salama kabisa.

Hesabu ya Peltier ndo inawaponza watu. Wauzaji wanaandika inahamisha wati 50 na kitu, na inaleta tofauti ya digrii 60 na kitu kati ya pande mbili. Yote kweli, ila hayatokei kwa pamoja! Wati 50 ni pale pande zote mbili zina joto sawa, na digrii 60 ni pale hakuna joto lolote linalohamishwa. Ukitaka baridi zaidi inahamisha kidogo zaidi. Prosesa ya wati 65 ishaizidi nguvu kabla hujaanza. Hata ukiweka mbili, kila moja inakula kama wati 50 za kwake kwenye volti 12, kwa hiyo hitisinki iliyokuwa inatoa wati 65 sasa inatakiwa itoe kama 165. Friji ya kompresa kwa kila wati 1 ya umeme inahamisha joto la wati 2 na zaidi, Peltier kwenye kazi kama hii mara nyingi haifiki hata wati 1. Hizo wati 100 za ziada kwa saa 10 ni uniti 1 ya LUKU kila siku, kwa ajili ya kupoza tu.

Na hata ukimudu yote hayo kuna hali ya hewa yetu. Hewa ya digrii 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo kwa Dar ni siku ya kawaida, inaanza kuacha maji kwenye kitu chochote kilichoshuka chini ya digrii 25. Umeona chupa ya soda inavyotoa jasho ukiitoa frijini, sasa fikiria jasho lile linachuruzika kwenye soketi ya prosesa na mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta) yenye umeme. Faida pekee ya Peltier juu ya hitisinki ni kushuka chini ya joto la chumba, na huku kwetu ndo hapo hapo maji yanapoanzia. Umeme wake ukikatika napo mashine ikiwa inaendelea, kile kigae kinakuwa kizuizi, kinapitisha joto vibaya mno ukilinganisha na shaba.

Hata Intel walijaribu, mwaka 2020 wakaja na teknolojia ya Peltier ikiunganishwa na maji, yenye programu ya kupima unyevu ili isishuke mpaka kwenye umande, na mwaka 2023 wakaiacha. Peltier inang'ara kwenye mzigo mdogo, leza za intaneti ya faiba, sensa za kamera za kuangalia nyota, mashine za maabara za PCR (za kunakili DNA) ambazo zinatakiwa zipashe na kupoza haraka, na zile dispensa ndogo za maji zisizo na kompresa.

Tukafungua mashine yake. Vumbi limejaa kwenye mapezi limeshikana kama kipande cha blanketi, nikalibandua zima zima kwa kibano. Pesti, ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, imekauka inadondoka kama chaki. Tukafuta kwa spiriti, tukaweka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi, tukabana skrubu kwa kukingamisha ili ilale sawa. Akawasha gemu lile lile, feni ya chumbani imezimwa makusudi, tukakaa nusu saa tunaangalia namba. Ikagota 74.